Mashine Namba Nne

6 Februari

Wifi,

Salamu. Nakupa kwa sababu nilifundishwa adabu, na walionifundisha bado wako hai. Sisi hatujambo. Pacha walishikwa na mafua, sasa wamepona na wamerudi kupigana kama kawaida yao. Natumaini wewe na mama mkwe hamjambo, hasa mama mkwe.

Umenizuia kwenye simu tangu tulipogombana, kwa hiyo nimenunua karatasi. Hii unaweza kuichana, ila kuizuia huwezi. Dereva wa vifurushi ameahidi kukukabidhi mkononi hapo ofisini kwako.

Sasa sikiliza. Unajua kwamba chumba cha gemu ndicho kinachotulisha mimi na watoto wa kaka yako, tangu alipotoka mwezi wa sita na mashine namba nne kwapani, akisema anampelekea mteja, asirudi. Unajua pia kwamba mashine tatu alizoniachia zinapita kwenye hicho kikompyuta chako mnachokiita proksi. Aliwahi kunieleza kwamba zikitaka kujua kama kuna apdeti haziendi kwa watengenezaji moja kwa moja, zinakuuliza wewe kwanza, na kikompyuta chako kinazijibu kwamba hakuna jipya, zitulie. Sikudadisi zaidi kwa sababu nilikuwa naosha vikombe alivyoviacha nusu.

Jumanne mashine namba mbili haikukuuliza. Ilikwenda yenyewe, ikapakua toleo jipya, ikajizima, ikajiwasha, na tangu hapo haizitambui pedi zetu za kuchezea. Ni pedi za bei nafuu, nakubali, lakini Jumatatu zilikuwa zinafanya kazi. Wateja wanabonyeza mpaka vidole vinawauma, mchezaji uwanjani amesimama tu kama amefiwa.

Umetufungia, sivyo? Ulisema utanikomoa na umenikomoa. Basi fungua. Kama huoni haya kwa ajili yangu, ona haya kwa ajili ya pacha.

Wifi yako,
Mama Pacha


15 Februari

Wifi,

Salamu nimezipokea jinsi zilivyo. Mimi mzima. Mama bado miguu inamsumbua na bado anamlilia mwanawe kila anaposikia mlango. Nimemwambia unamsalimu. Amesema asante, mimi nisingesema.

Sijafunga kitu. Mtu amegusa mipangilio ya mashine namba mbili, na chumbani humo ninamjua mtu mmoja tu anayegusa asichokijua. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chini kabisa utaona neno "proksi". Umeliweka "usitumie". Weka "tumia", kisha andika anwani na namba nilizokuandikia nyuma ya karatasi hii. Mashine namba mbili imeshakunywa toleo jipya na hairudi nyuma. Itafutie pedi halisi na ujilaumu mwenyewe.

Hicho unachokiita kikompyuta, mimi na kaka tulikianzisha kabla hujajua kama yupo duniani. Tulikuwa tunataka kuona mashine inaongea na nani. Tukagundua kwamba kabla ya apdeti yoyote inaomba orodha ndogo, maandishi matupu, yenye namba ya toleo na anwani ya faili kubwa. Ukisimama katikati unaiona hiyo orodha. Ukiiona anwani unaweza kulipakua faili lenyewe huku ofisini ambako intaneti inakimbia, ukalihifadhi, ukaipa mashine wakati unaotaka wewe au usiipe kabisa. Tulikusanya matoleo yote, ya huku na ya nchi za mbali, tukiyalinganisha na kucheka wenyewe. Kaka alikuwa akipata toleo la zamani ananipigia simu kwa furaha ambayo sidhani uliwahi kuiona usoni mwake ndani ya nyumba yako.

Ulikuwa unamsema mbele ya wateja. Mwanamume anasemwa kwa sababu ya vikombe! Halafu unashangaa ameondoka.

Na kwa kuwa mimi si mtumishi wako, nakupa neno la siri la kuingilia proksi. Liko hapo nyuma, chini ya anwani. Siku nyingine ukiharibu, ingia utengeneze mwenyewe, wewe ambaye ulikuwa unazima kompyuta kwa kung'oa waya ukutani.

Wifi yako,
Shangazi


27 Februari

Wifi,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mpelekee mama mkwe dawa ya kuchua niliyoifunga pamoja na barua hii. Ni ya kwake, usijipake.

Ulinipa neno la siri ili nishindwe ufurahi. Pole. Mara ya kwanza nilishindwa, mara ya pili nikaingia. Namba mbili sasa inapita kwako kama wenzake. Nikatamani kujua na mengine, maana wateja wakiwa wamezama kwenye mpira mimi huwa sina kazi. Nikafungua orodha, nikaona namba za matoleo, nikaona anwani za faili, nikaona hata kale kafaili kadogo kenye maelezo, yale maneno yanayotokea kwenye runinga kumwambia mtu toleo jipya limeleta nini. Si uchawi. Mlivyokuwa mkinong'onezana nilidhani mnatengeneza roketi.

Kuna ukurasa unaoonyesha mashine zinazoomba, kila moja kwa jina ililopewa. Ziko zangu tatu, BABA PACHA 1, BABA PACHA 2 na BABA PACHA 3. Iko moja inaitwa MKURUGENZI, nadhani ni ya bosi wako, ile uliyomwekea kwenye chumba cha wageni wa ofisi ili akupende.

Halafu iko BABA PACHA 4. Imeomba orodha jana mchana.

Nieleze hiyo ni nini.

Mama Pacha


20 Machi

Wifi,

Natumaini mko salama nyote. Sisi tuko hivyohivyo.

Barua yangu ya mwezi uliopita umeipata. Dereva ameniapia kwamba uliifungua mbele yake, ukaisoma umesimama, kisha ukaketi. Mtu ambaye hana la kuficha haketi.

Basi nitakueleza mimi. Mashine namba nne haijaibwa wala haijaharibika. Iko mezani kwa mtu, inawashwa, na mtu huyo hajabadilisha jina wala hajaondoa anwani ya proksi. Nimekaa nikiitazama kwenye ule ukurasa huku wateja wakipiga kelele za magoli. Inaamka mchana, Jumapili inaamka mapema. Jumapili kaka yako hakuwahi kulala baada ya jua kutoka, alikuwa anataka kucheza kabla watu hawajaja.

Wewe umekuwa unaiona tangu mwezi wa sita. Nilipokuja kwako natokwa na machozi, nikauliza kama una fununu yoyote, ulinishika bega ukasema tumwombee. Ulinishika bega! Pacha wamemwekea baba yao kiti miezi yote hii mbele ya meza ya nne, hawataki mteja akikalie. Wakiniuliza kama yuko hai ninasema sijui, na nilikuwa sijui kweli, kumbe shangazi yao anamwona kwenye kioo cha kompyuta huku anakunywa chai.

Na nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Siku ile alibeba pedi mbili. Mteja alikuwa na pedi zake, na mtu anayekwenda kucheza peke yake inamtosha moja. Niliona ndoano tupu ukutani nikajitia upofu, nikafuta meza.

Yuko wapi?

Mama Pacha


29 Machi

Wifi,

Mama anakushukuru kwa dawa. Miguu imepata nafuu kidogo.

Ndiyo, ninamwona. Ulitaka niseme, nimesema. Sijui yuko wapi. Mtandao anaotumia ni wa simu, anwani yake inabadilika kila anapowasha, inaweza kuwa popote. Usifikiri sijajaribu. Ninafanya kazi kwenye kampuni ya intaneti, ingekuwa inawezekana ningeshagonga mlango wake nikamzaba kibao kabla yako.

Sikukuambia kwa sababu ninakujua. Ungepiga kelele, na kelele zako ndizo zilizomfukuza. Yeye anajua vizuri kwamba mashine yake inapita kwangu. Kuondoa ile anwani ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini hajaiondoa. Mimi nimeichukulia kwamba anataka nijue anapumua. Ndiyo kamba pekee iliyobaki kati yake na sisi, na ni nyembamba. Ukiivuta inakatika.

Nakuonya, usiguse kitu. Usibadilishe jina, usimtumie lolote, usiifungie. Ukinikatia hiyo kamba, mimi na wewe tumemalizana, na pacha nitawasalimia shuleni bila kupitia kwako.

Nasikia umeanza kusema unataka kuiondoa meza ya nne. Hicho chumba ni cha kaka yangu. Atarudi atakuta nini?

Wifi yako,
Shangazi


11 Aprili

Wifi,

Leo huna salamu.

Badala ya barua kutoka kwako nimeitwa kwa mkurugenzi. Alikuwa na wageni watatu waliokuja kutia saini mkataba, akawawashia mashine wacheze kidogo kabla ya mazungumzo. Mashine ikaomba orodha. Runinga ile kubwa ya ukutani ikasema kuna toleo jipya, na chini yake, mahali pa maelezo, wote wanne wakasoma maneno haya, ambayo nimeyanakili neno kwa neno:

"Baba Pacha, najua unasoma. Sikuiti urudi na sikuulizi uko na nani. Nataka jibu la swali nililopewa na watoto wako nikuulize. Kama bado ni baba yao, acha jina la mashine lilivyo. Kama si baba yao tena, toa jina la watoto wangu kwenye mashine hiyo leo hii. Mama yako anaumwa miguu. Vikombe nimeosha."

Mkurugenzi akaniuliza Baba Pacha ni nani na kwa nini mashine yake inamgombeza. Wageni walicheka mpaka wakafuta macho. Yeye hakucheka.

Wewe mwanamke una akili ya kufungua faili la maelezo na kuandika yako ila huna akili ya kujua kwamba faili hilo ni moja kwa mashine zote! Hukumwandikia mume wako, umewaandikia wote wanaopita kwangu. Na kile kikompyuta nilikiweka chini ya meza yangu bila ruhusa ya mtu. Mkurugenzi ameamuru kiondolewe mwisho wa mwezi. Neno la siri limebadilishwa mbele yake, huingii tena.

Una furaha sasa? Umenidhalilisha kazini, umemtisha kaka yangu, na hata kama hakutishika, mwisho wa mwezi njia inafungwa. Tangu Jumatatu ulipoweka maneno yako, BABA PACHA 4 imeomba orodha mara moja tu, ikaondoka. Haijaonekana tena. Nilikuambia usivute.

Shangazi


19 Aprili

Wifi,

Mimi salamu ninazo. Hujambo? Mama mkwe hajambo?

Kuhusu mkurugenzi, pole, na hiyo pole ni ya kweli. Sikujua ni faili moja. Kama ni aibu unayotaka, ninayo ya kutosha, maana mashine zangu tatu nazo zilipita kwako asubuhi ileile. Chumba kilikuwa kimejaa. Runinga tatu kwa pamoja zikamwita Baba Pacha. Nilikuwa nimesimama na kitambaa mkononi. Mpira ukasimama, watu wazima wakasoma kwa sauti, mmoja akarudia kwa wale walio nje dirishani. Muuza maji aliuliza kama sehemu ya pili inatoka lini. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unanisalimia kwa upole kama mgonjwa.

Lakini wifi, usiniambie nimekata kamba. Kamba gani hiyo ambayo upande mmoja kuna watu watano wameishikilia mpaka mikono inawauma, na upande wa pili kuna mtu anacheza mpira? Wewe uliridhika kuona jina lake likipita. Mimi sikuolewa na jina. Nina watoto wawili wanaoamka na swali moja, na mmoja wao ameanza kuniangalia kama mimi ndiye niliyelificha jibu.

Sikumsema kwa sababu ya vikombe tu. Nilimsema kwa sababu kila kitu alikifanya nusu akaondoka, na nusu iliyobaki ikawa yangu.

Sasa umebadilisha neno la siri, mimi sioni tena. Macho niliyobakiwa nayo ni yako, na ninajua yakitaka kunidanganya yatanidanganya. Ukiona jina limebadilika utaniandikia kwamba lipo palepale, ili niendelee kumtunzia kiti. Ningekuwa wewe huenda ningefanya hivyo. Ila kumbuka utakuwa hunidanganyi mimi peke yangu. Hiyo barua yako nitawasomea pacha.

Wifi yako,
Mama Pacha


2 Mei

Wifi,

Hamjambo? Mama anaendelea vizuri. Jana alitembea mpaka kwa jirani bila fimbo, akarudi akilalamika kwamba jirani hakumpa kiti kizuri.

Kikompyuta kimeondolewa. Niliachiwa mpaka saa za kufunga ofisi siku ya mwisho, na kutwa nzima nilikaa nacho, kazi nyingine sikufanya. Mashine zako zilikuja zikaomba, nikazijibu hakuna jipya. Nilikuwa nimeshaanza kukunja waya ilipokuja nyingine. Mashine ileile, toleo lilelile la zamani alilotoka nalo kwako. Jina lilikuwa

4

Basi. Alifuta maneno, namba akaiacha.

Nilikuwa na barua nyingine, ninaikiri hiyo kwa sababu hata hivyo ungeikisia. Nilikuwa nimeiandika mapema na kuitia kwenye bahasha, inasema jina halijabadilika, subiri, kaka anajikusanya atarudi. Nilitaka kumpa dereva asubuhi. Kilichonizuia si wewe. Nilikaa mbele ya hicho kioo nikamsubiri aandike kitu kingine. Yeye anajua jinsi ya kuandika jina jipya, na anajua ni mimi ninayelisoma. Angeweza kuandika MAMA POLE. Angeweza kuandika DADA. Karibu mwaka mzima nimeacha njia wazi kwa ajili yake, nimedanganya mkubwa wangu wa kazi, nimekudanganya wewe, na alipopata nafasi ya kuandika neno, akafuta mawili akaenda. Nimeumia, wifi. Nimelia chooni ofisini, na sijawahi kulia ofisini.

Nimemwambia mama. Aliuliza kama ulisema kweli kuhusu vikombe. Nikamwambia ndiyo. Akasema hata nyumbani alikuwa hivyohivyo.

Matoleo yote tuliyokusanya nimeyahifadhi kwenye diski, naituma na dereva. Zima apdeti zinazojileta zenyewe kwenye mashine zako kabla hujaziwasha, kwa sababu sasa hakuna wa kuzizuia. Ukikosea tena sitakuwepo.

Meza ya nne fanya utakavyo.

Shangazi


10 Mei

Shangazi,

Salamu nyingi, na umpe mama mkwe na wewe ujipatie. Sisi wazima.

Barua yako niliwasomea pacha, yote mpaka hapo kwenye namba. Hawakulia. Mmoja aliuliza kama 4 nalo ni jina. Nikasema ni namba ya mashine tu. Akaenda akakivuta kile kiti, akakipeleka kwa mteja aliyekuwa amesimama. Niliyelia ni mimi, nikiwa nafuta runinga ambazo hazikuwa na vumbi.

Meza ya nne nimeweka cherehani. Mashine nimezibadilisha majina, sasa ni MAMA PACHA 1, 2 na 3.

Diski imefika. Nimeichomeka kwenye namba moja, ikasema haiitambui. Nikaichomeka kwenye namba tatu, nayo vilevile. Apdeti nimezima kwenye mashine mbili, ya tatu siioni hiyo sehemu ya kuzimia, na ninaogopa kuigusa, kwa sababu mtu fulani aliniandikia kwamba mimi hugusa nisichokijua. Kwa hiyo imezimwa, inakusubiri. Umeharibu kwa kunifundisha nusu, sasa njoo umalizie. Njoo na mama mkwe, kiti kizuri nitampa mimi.

Na usije na hiyo sura uliyokuja nayo mara ya mwisho, itanifukuzia wateja. Wamesoma habari zetu zote.

Kaka yako amenitoa kwenye jina lake. Wewe sijakusikia ukinitoa, kwa hiyo nimebaki,

Wifi yako, utake usitake,
Mama Pacha